Darasa liko kwa simu ya mathe: Watoto wenye ulemavu wanavyosomea nyumbani

CORONA ilipofunga shule Machi 2020, Kenya nzima iligundua jambo ambalo familia fulani zilikuwa zikilijua kitambo: kusomea nyumbani si mchezo. Wazazi walichanganyikiwa. Walimu wakajifunza Zoom kwa lazima. Vipindi vya masomo vikahamia redio ya KBC na runinga ya Edu Channel. Gredi ya Nne, Darasa la Nane na Kidato cha Nne walikaa nje hadi Oktoba 12, wengine wote wakangoja hadi Januari 4, 2021.

Sasa fikiria wewe ni kiziwi, una miaka mitano, na mwalimu wako ni redio. Au huoni, na mwalimu wa runinga anasema "angalieni hapa ubaoni."

Sisi tulirudi shuleni tukasahau. Lakini kuna watoto ambao kufungiwa kwao hakukuanza na corona wala hakukuisha nayo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu kama 900,000 wenye ulemavu, yaani asilimia 2.2. Ukisoma vizuri utaona kwamba hesabu hiyo ya ulemavu ilihusu walio na miaka mitano kwenda juu. Yule wa miaka miwili, mitatu, minne hakuwekwa kabisa. Ndio hao ninaowaongelea leo, kwa sababu ndio wanaoumia zaidi tukichelewa.

Umri hapa ndio kila kitu. Mwaka wa 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto 150 wenye tatizo la kusikia. Waliogunduliwa kabla ya kufikisha miezi sita, na familia zao zikaanza kusaidiwa, walikuwa mbele kilugha kuliko waliogunduliwa baadaye. Miezi sita, si miaka sita! Huku kwetu mtoto anafikisha miaka minne watu wakisema atasikia tu, mwacheni, hata babake alichelewa kuongea.

Na hii stori ya kumfundisha mtoto kutoka mbali usidhani ililetwa na Zoom. Louise Tracy, mkewe mwigizaji wa Hollywood Spencer Tracy, alikuwa na mtoto kiziwi aliyeitwa John, aliyezaliwa 1924. Mwaka wa 1942 mama huyo alianzisha kliniki Los Angeles ya kusaidia wazazi wa watoto kama wake, na mwaka uliofuata ikaanza kutuma masomo kwa posta, bure. Barua, msee. Mzazi anapokea maagizo, anamfundisha mtoto mezani, anaandika jinsi ilivyokwenda, anarudisha, anangoja jibu. Kliniki hiyo ilitaka mtoto asome midomo na kuongea badala ya kutumia ishara, na viziwi wengi wana maneno makali kuhusu njia hiyo hadi leo. Kinachonivutia mimi ni mpangilio wenyewe: mwanafunzi wa zile barua hakuwa mtoto. Alikuwa mama.

Australia nao walikuwa na shule ya redio kule Alice Springs tangu 1951, kwa watoto wa mashamba ya mbali. Mwaka wa 2002 taasisi yao ya watoto viziwi na wasioona ikaanzisha shule ya video kwa familia zilizo mbali na miji. Mtaalamu yuko Sydney, mzazi yuko huko vichakani, na mtoto anacheza sakafuni. Tena, anayefundishwa zaidi ni mzazi.

Nasisitiza kwa sababu hapa ndipo wengi wetu hupotea. Ukisema "kusoma kwa simu", mtu anaona mtoto ameketi mbele ya skrini akikodolea katuni za ABC. Shirika la Afya Duniani lilisema 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku ya kukaa mbele ya skrini, na aliye chini ya hapo asikae kabisa. Mtoto mwenye ulemavu si tofauti. Kumpa simu ashike anyamaze ni kumnyamazisha tu.

Ngoja nieleze inavyokwenda kwa graundi.

Katika ploti yetu huku Umoja kuna msichana wa miaka mitano mwenye mtindio wa ubongo. Wanaishi orofa ya tatu, na ngazi ni zile nyembamba za kupishana kwa kuombana radhi. Zamani mama yake alimbeba mgongoni hadi steji kila baada ya wiki mbili kwenda hospitali. Kiti cha magurudumu kwenye matatu ni vita: makanga wengine wanakataa, wengine wanadai nauli ya watu wawili. Na siku ya kliniki ni siku bila kazi, ilhali mama huyu hufulia watu nguo kwa malipo ya siku. Yote hayo kwa nusu saa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule ambaye kila mtu humwita therapisti.

Mwaka jana therapisti akapendekeza wajaribu simu ya video kila Alhamisi jioni, safari za hospitali zipungue. Mimi niliingizwa kwa sababu natengeneza simu. (Chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa, kibanda kikanipokea.) Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubadilisha kioo kilichopasuka. Ya pili ilikuwa kutafuta mahali pa kuisimamisha simu katika chumba cha futi kumi kwa kumi chenye kitanda, jiko na ndoo nne za maji.

Nilidhani therapisti ataimba nyimbo za watoto na kutikisa vinyago kwenye kamera. Wapi! Kwanza alimuuliza mama wiki ilikuwaje, mtoto anakula nini, nani anamlisha. Halafu akaomba simu ishushwe pembeni, karibu na sakafu, aone nyonga na miguu. Uso hakuutaka. Tukaiegemeza kwa mkebe wa majani chai. Mtoto alikuwa ameketi akiegemezwa kwa mto, kichwa kinaanguka mbele kila saa. Therapisti akamwambia mama autoe mto, akae nyuma ya mtoto, ambane nyonga kwa mapaja yake. Kichwa kikapanda. Kikatulia. Hapo ndipo akasema uji uletwe, na akaonya kichwa kisilazwe nyuma wakati wa kunywa, maana mtoto wa aina hii hupaliwa haraka.

Sehemu iliyofuata ndiyo sikuitarajia. Mama aliambiwa asimpe uji. Ashike kikombe upande huu na mwanasesere upande ule, aulize "unataka nini?", kisha anyamaze ahesabu moyoni hadi kumi. Hiyo kumi ni ndefu! Ukifika nne tayari unataka kumsaidia. Ilipofika saba hivi, msichana akageuza macho kwa kikombe. Akapewa. Wakarudia. Mara ya tatu nikaelewa kwamba ninachotazama ni somo la lugha: mtoto asiyeweza kutamka ameitisha kitu na kitu kimekuja.

Mama yake aliniambia baadaye, tukishuka kutafuta tokeni za stima, kwamba kwa miaka minne alikuwa akiongea na bintiye kama unavyoongea na mtu aliyelala. Hakuwa na habari kwamba kuna mtu anasikiliza.

Baada ya mwezi mtandao ukaanza madharau. Picha inaganda, sauti inakuwa ya roboti, bando la siku linaisha somo likiwa katikati. Therapisti akabadilisha mbinu: mama arekodi video ya dakika mbili wakati wa kulisha au kuosha, aitume kwa WhatsApp, naye atajibu kwa ujumbe wa sauti akipata nafasi. Kwa maoni yangu hii ndiyo ilikuwa bora kuliko zote. Ni nafuu. Inaonyesha maisha yenyewe, si onyesho la Alhamisi saa kumi na moja wakati kila mtu amejipanga. Na ule ujumbe wa sauti unabaki: kakake wa miaka kumi na mmoja husikiliza tena mama akiwa kazini, na sasa yeye ndiye mkali wa kuhesabu hadi kumi.

Kuna mambo ambayo simu haiwezi, na therapisti mwenyewe alisema wazi. Hawezi kuhisi kama msuli umekaza. Kiti anachokalia msichana siku hizi kilitengenezwa kwa kadibodi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji wa unga, ufundi ulioenea kutoka Zimbabwe kuanzia miaka ya 1980. Kinashika mtu mzima, usikidharau. Lakini vipimo vyake vilichukuliwa kliniki kwa futi na mikono, kwa sababu kiti kikikosea kidogo tu uti wa mgongo unaweza kupinda.

Vipi kuhusu apu? Hapa wapenzi wa teknolojia tunapenda kuringa. Simu yoyote ya Android ina TalkBack, inayomsomea asiyeona kila kilicho kwenye skrini. Kuna Live Transcribe, inayogeuza maneno kuwa maandishi papo hapo, hata Kiswahili. Ni za maana sana, kwa mtu anayejua kusoma. Mtoto kiziwi wa miaka mitatu utamwandikia nini?

Programu za mawasiliano ya picha ziko pia, nyingine za bure. Tulijaribu mbili. Ukibonyeza "chakula" unaona Mzungu na sandwichi. Msichana wetu anajua sandwichi ni nini? Tukaacha, tukapiga picha kikombe chake, sufuria yao, beseni la kuogea, blanketi lake la manjano, na kaka. Kaka akarekodi sauti, kwa sababu mtoto humcheka kaka kuliko mtu yeyote. Kisha tukaprinti picha hizo kwa saiba na kuzilamineti, kwa kuwa stima ikipotea simu inazimika lakini kiu haingoji.

Kwa mtoto asiyeona mambo ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani, na hata simu ya mulika mwizi inatosha. Huko mbele atahitaji vifaa. Kuna kama Orbit Reader, kinachoinua nukta za breli chini ya vidole, ambacho shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limekuwa likifikisha kwa wanafunzi Kenya. Lakini miaka mitatu si wakati wa breli. Ni wakati wa kuamsha vidole: kutenga maharagwe na njugu, kufungua na kufunga vifuniko, kujua funguo za baba na za mama kwa kugusa. Mwalimu anaongea tu, simu iko kwa spika, mzazi anafanya. Mbinu moja wanayofundisha ni mzazi kuweka mkono wake chini ya wa mtoto, si juu yake. Ukimshika mkono na kumlazimisha kugusa kitu asichokiona, anaogopa. Mkono wako ukitangulia, yeye anakufuata na kuuachia akitaka.

Kwa wenye usonji, niliona mwalimu mmoja akifanya jambo dogo lenye akili. Kabla ya mtoto kuanza chekechea, alirekodi video ya njia kutoka geti hadi darasani: hapa ndipo unaweka begi, hiki ndicho kiti chako, hii ndiyo kengele, inalia hivi. Mtoto aliitazama nyumbani wiki nzima. Siku ya kwanza kengele ilipolia, alishaijua.

Viziwi sasa. Zaidi ya asilimia 90 ya watoto viziwi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Maana yake mtoto anakuja nyumbani ambako hakuna hata mtu mmoja anayejua lugha yake. Anaweza kukaa miaka mitano akiwa na ishara tatu za kujitungia: njaa, choo, hapana. Mzazi akiamka kujifunza, anaingia YouTube, na anachopata kwa wingi ni lugha ya ishara ya Wamarekani. Hiyo si yetu. Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha tofauti, na Katiba ya 2010 imeitaja kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mtoto akifundishwa ishara za Marekani nyumbani, akienda shule ya viziwi hapa anaanza upya kwa maneno mengi.

Ndiyo maana nawapa hongera eKitabu, kampuni ya hapa Nairobi inayotengeneza video za hadithi kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ikiwashirikisha viziwi wenyewe. Wakati wa corona walipeleka hadithi hizo kwenye runinga, kipindi kinaitwa Digital Story Time. Kakangu mdogo anayesikia vizuri alikuwa akikifuatilia, na ishara kadhaa bado anazikumbuka.

Mitandaoni, hata hivyo, kinachovuma ni vifaa. Mkenya Roy Allela alisifiwa dunia nzima kwa kubuni glavu za Sign-IO zinazogeuza ishara kuwa sauti, na chanzo kilikuwa mtoto kiziwi katika familia yao. Ni kazi safi. Ila glavu humsaidia anayesikia kumwelewa kiziwi ambaye tayari ana ishara. Mtoto wa miaka miwili hana hata moja ya kutafsiriwa. Yeye anahitaji nyanya, shangazi na majirani wajue ishara hamsini kufikia Krismasi, jambo ambalo kikundi cha WhatsApp chenye mwalimu kiziwi mmoja na video moja kwa siku kinaweza. Hakitapata tuzo London, lakini kinaweza.

Tuje kwa pesa, kwa maana wengi hukwama hapo. Familia yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa ikibahatika kuingia kwenye mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Toa nepi za mtoto mkubwa, toa dawa za kifafa kwa walio nacho, toa unga. Bando linabaki wapi? Julai 2020 tuliambiwa maputo ya Loon yangetuletea intaneti kutoka angani. Mwaka uliofuata mradi ukafungwa, maputo yakashuka. Tangu hapo sijasikia kampuni ya simu ikisema kwamba simu ya video ya mtoto na mtaalamu wa hospitali ya umma itakuwa bila malipo, ingawa tumewahi kupewa bando za bure za kuskrol mitandao ya kijamii. Hili halihitaji puto. Linahitaji mtu mmoja kwenye ofisi fulani aamue.

Na simu ni moja. Mama akienda kazini anaenda nayo, kwa sababu kazi yenyewe huja kwa kupigiwa. Wanaopanga miradi ya "dijitali" wajue kwamba somo la saa nne asubuhi halipo. Lipo la saa mbili usiku.

Neno kuhusu zile video. Mtoto akioga, akilishwa, akianguka, hiyo ni siri yake na tabibu wake. Nimeona vikundi ambamo video hizo zinasambazwa kwa watu 200, na nyingine zikaishia TikTok na muziki wa huzuni chini yake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya data ya mtoto kutumiwa, lakini hata mzazi akikubali, jiulize mtoto huyo akifikisha miaka 16 atajisikiaje kuiona.

Jambo linaloniudhi kabisa ni hili. Shule sasa zimepata kisingizio kipya. Mama wa orofa ya tatu alipokwenda kuuliza nafasi ya chekechea katika shule moja ya karibu, mwalimu mkuu alimwambia kwamba kwa vile mtoto "anasoma vizuri kwa simu", si aendelee tu hukohuko? Hapana. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008, na sera ya Wizara ya Elimu ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inasukuma wasome pamoja na wengine. Masomo ya nyumbani yanatajwa kwa wale ambao hali zao haziwaruhusu kutoka. Ngazi za shule zisizopitika si hali ya mtoto. Ni hali ya shule. Msichana huyu ameshajua kuchagua, kungoja zamu, na kumcheka kaka akikosea. Alichokosa ni watoto wengine, na hao hawapatikani kwa WhatsApp.

Kama kuna mtoto hivi kwenu, anzia kwa kituo cha serikali cha kutathmini watoto, kinachojulikana kama EARC. Vilianzishwa 1984 na viko katika maeneo mengi nchini, mara nyingi ndani ya boma la shule ya msingi, ndiyo maana watu huvipita bila kujua. Ofisi ya elimu ya kaunti ndogo itakuelekeza. Kule ndiko mtoto hupimwa na kuelekezwa: shule ipi, kifaa gani, mtaalamu yupi. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo ndilo husajili na kutoa kadi.

Mkienda, msaidie mzazi kupanga faili. Cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, barua yoyote ya hospitali. Na kwenye simu, weka pamoja video fupi tatu nne: mtoto akila, akicheza, akiitisha kitu, akikataa kitu. Zipe majina na tarehe ili msitafute mkiwa pale mbele. Afisa atakuwa na mtoto kwa muda mfupi katika chumba kigeni, baada ya matatu mbili na jua, na kuna uwezekano mkubwa kwamba siku hiyo mtoto atalia mwanzo hadi mwisho. Zile video ndizo zitaonyesha anachoweza akiwa kwao.